Mfaa wa Jumba la Mikwajuni

Mpaka wanapita Bunju, Inspekta Naima alikuwa hajamwambia mtu yeyote garini kwamba safari ile ilikuwa na kazi ndani yake.

Mumewe, Suhaib, alikuwa akiendesha Noah ya kuazima huku akipiga mluzi. Nyuma alikaa mama yake Suhaib, Bi Mwamvita, amelikumbatia hotpoti la pilau tangu walipotoka Temeke, maana hakuamini barabara wala breki. Ubavuni kwake alikuwa Shamimu, wifi yake Naima, mpambaji wa maharusi, macho kwenye simu na kidole kikipandisha video moja baada ya nyingine.

"Mkwe wangu," Bi Mwamvita alisema, "tangu lini wewe unapenda magofu?"

"Tangu zamani, mama."

"Mwaka juzi nilikwambia twende Kaole, ukasema makaburi yapo hata Temeke."

Naima alicheka, akatazama nje. Wiki nzima alikuwa akizunguka karakana za Mikocheni na maghala ya Kurasini akitafuta kipande kimoja cha mti. Kilikuwa mfaa, ule mti wa katikati unaoziba pale ubao wa kushoto wa mlango unapokutana na wa kulia. Huu ulikuwa wa Jumba la Mikwajuni, kasri la kale lililojengwa kando ya ziwa dogo, mbele kidogo ya Bagamoyo. Ulikuwa mrefu kuliko mtu na umechongwa maua na minyororo kutoka juu hadi chini. Ulitoweka usiku wa Ijumaa moja, na Jumamosi asubuhi mlango ulikutwa unapepea.

Kamati ya kijiji ilimsimamisha kazi mlinzi, Mzee Nassibu. Funguo zilikuwa kwake. Alipoulizwa alikuwa wapi jioni ile, alisema alikwenda kwake mara moja, siku hiyo watu walikuja kuleta mahari ya binti yake. Alipoulizwa funguo alimwachia nani, alinyamaza, na akaendelea kunyamaza kila alipoulizwa. Jumatatu kamati ingemkabidhi kwa polisi kama mwizi. Ijumaa inayofuata binti yake, Zubeda, alikuwa anaolewa, na habari zilishafika kwamba upande wa bwana harusi umeanza kunong'ona.

Mkubwa wake Naima alimwambia aliache faili mpaka Jumatatu. "Jumamosi ni ya familia," alisema. Naima akaitikia, akaenda nyumbani, akaipangia familia yake Jumamosi: asubuhi Ngome Kongwe ya Bagamoyo, mchana kasri la ziwani.

Ngomeni palikuwa na upepo mzuri. Kuta nene zilizopakwa chokaa zilikuwa bado na ubaridi wa alfajiri, na Suhaib alimpiga picha mama yake katika kila upenyo aliouona. Bi Mwamvita alipanda ngazi mpaka darini akilalamika kila kipandio, na alipofika juu hakutaka kushuka tena.

Naima alisimama ukingoni, akatazama chini. Nje ya lango iliegeshwa pikapu ya bluu. Aliijua. Ilikuwa ya Fredrick, muuza samani za kale wa Mikocheni, yule ambaye katikati ya wiki alimwapia kwamba hajakanyaga Bagamoyo tangu mwaka jana. Nyuma ya pikapu kulikuwa na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye mkeka na kufungwa kamba sehemu tatu.

Alishuka bila kumuaga mtu.

Fredrick alikuwa anakaza kamba. Alipogeuka na kumwona, mabega yake yalishuka.

"Inspekta. Hata Jumamosi?"

"Uliniambia hujafika huku tangu mwaka jana."

"Siku ile ilikuwa kweli. Leo ndiyo nimefika."

"Umebeba nini?"

"Zawadi ya wakwe zangu."

"Fungua."

"Nikifungua barafu itayeyuka."

Naima alishika ukingo wa pikapu. Chini ya mkeka palikuwa na maji, yakidondoka polepole mchangani. Alikuwa bado anayatazama alipousikia mlio wa funguo za nyumba za Bi Mwamvita nyuma yake. Mama mkwe alikuwa amemfuata, na tayari alikuwa ameinamisha pua.

"Huyu ni nduwaro," Bi Mwamvita alisema. "Tena wa leo. Umemchukua kwa nani, baba?"

"Mnadani, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Naima, mti gani unanuka shombo?"

Fredrick alifungua fundo la mwanzo mwenyewe, na mdomo mrefu wa samaki ukachungulia. Naima alijiruhusu kutabasamu, lakini hakuondoka.

"Ule mfaa wa Mikwajuni. Uliwahi kutaka kuununua."

"Nilitaka kuununua mlango mzima. Mzee Nassibu alinifukuza na fagio, mpaka leo nikipita kule napita mbali. Lakini mfaa peke yake, Inspekta, nani ataununua? Ni pua bila uso. Mwenye mlango wake ana mfaa wake, na wa jirani hauingii kwake. Nimekwambia siku ile ukadhani nakuzungusha."

"Kwa hiyo aliyeuchukua hakuwa na mnunuzi."

"Aliyeuchukua hajui biashara. Au hakuuchukua kwa biashara."

Naima alimruhusu aende. Bi Mwamvita aliisindikiza pikapu kwa macho mpaka ikakata kona.

"Kumbe tupo kazini," alisema.

"Samahani, mama."

"Samahani ya nini? Ungesema mapema ningevaa viatu vya maana."

Garini Naima aliwaeleza yote. Suhaib alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mie nilidhani umenikumbuka, kumbe nimekuwa dereva wa serikali," na akaendesha kwa bidii zaidi kuliko mwanzo.

Ziwa lilijitokeza ghafla, la kijani, limezungukwa na matete, na kasri likiwa limekaa ukingoni na kuinamia kivuli chake majini. Paa la upande mmoja lilikuwa limeporomoka zamani, lakini baraza ilikuwa imara, na watoto wa kijiji walikuwa wakicheza rede kwenye kivuli chake. Aliyewapokea aliitwa Gregori. Alikuwa mtembeza wageni, mtu wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na alikuwa ndiye mwendesha boti ya wageni pia. Alizungumza vizuri. Aliwaonyesha chumba cha wageni, kisima cha ndani, na dirisha ambalo wake wa jumba walikuwa wakitazamia ziwa. Naima alimfuata kama mgeni mwingine yeyote.

Walipofika mlangoni Gregori alipunguza sauti. Uwazi ulikuwa umezibwa na ubao wa plaiwudi.

"Hapa ndipo palipoibiwa mfaa. Ishu kubwa. Mlinzi mwenyewe anahusika, wanasema."

"Wewe unasemaje, braza?" Suhaib aliuliza.

"Mie siku ile niliondoka mapema. Jua lilikuwa bado juu."

"Naweza kuona pale juu mfaa ulipokuwa umeshikizwa?" Naima aliuliza.

Hapakuwa na ngazi. Suhaib alichuchumaa, Naima akapanda mabegani mwake, na Suhaib akasimama akiyumba huku mama yake akisoma dua kwa sauti. Naima aliwasha tochi ya simu, akaielekeza sehemu ya juu ya ubao wa mlango, ambako kichwa cha mfaa kilikuwa kimeshikizwa. Kipande cha mti cha ukubwa wa kidole gumba kilikuwa kimebaki ndani ya tundu. Mpasuko wake ulikuwa mchafu, nyuzinyuzi zimechomoza, na hapakuwa na alama ya patasi wala msumeno. Kwenye ukuta wa kando, pale ubao wa mlango unapogota ukifunguliwa wote, chokaa ilikuwa imebanduka na kuacha kovu jipya.

"Nishushe," alisema.

Mwizi angetia patasi, angeuchomoa taratibu. Huu ulikuwa umevunjika. Ubao ulibamizwa ukutani kwa nguvu, mfaa ukang'oka. Na mtu aliyekuja kuiba usiku hana haja ya kuufungua mlango wazi kiasi kile.

Shamimu alikuwa ameinama kizingitini. Alikuwa akichokoa ufa kwa ukucha wake mrefu, akatoa kitu, akakiweka kiganjani. Vilikuwa vijikaratasi vya kung'aa, rangi ya waridi.

"Wifi, haya ni mapambo ya kurusha. Ya maharusi. Nani ameolewa humu?"

"Hairuhusiwi," Gregori alisema haraka. "Kamati ilikataza mambo ya harusi tangu zamani."

"Basi kuna mtu hakusikia," Shamimu alisema, na tayari alikuwa kwenye simu yake. Alipandisha, akashusha, akarudi nyuma, kisha akamwonyesha Naima. Biharusi mmoja alikuwa anageuka polepole mbele ya mlango huuhuu. Taa za mpiga picha zilikuwa zimemulika kila kitu. Nyuma ya shela, mfaa ulionekana wote, maua kwa maua. Rangi ya waridi ilikuwa inamnyeshea kichwani.

"Aliyempamba ni mwenzangu wa Mbagala," Shamimu alinong'ona, baada ya kuandikiana naye meseji. "Ilikuwa Ijumaa ileile. Yeye alibaki mjini Bagamoyo na mama wa harusi, huku hakufika. Hajui nani alifungua."

Ijumaa ileile. Kwa hiyo jioni, wakati Mzee Nassibu yuko kwake anapokea wageni wa mahari, mtu mwingine alikuwa na funguo na aliufungua mlango huu kwa ajili ya picha. Sasa Naima alielewa pia kwa nini mzee hakutaka kujibu. Kuachia funguo kulikuwa kosa, na mtu aliyezishika alikuwa amemfanyia hisani. Mzee Nassibu hakuwa tayari kumtaja.

Alimtazama Gregori. Gregori alikuwa akilitazama ziwa.

"Kuna boti?" Naima aliuliza.

Ilikuwa boti pana ya mbao yenye mota ndogo, na mabenchi marefu yakienda na ubavu wake, kushoto na kulia. Gregori aliwapanga. Suhaib mbele, Shamimu na Naima kulia. Bi Mwamvita alipoelekea kushoto, Gregori alimnyooshea mkono.

"Mama, upande huo una misumari. Kaa huku na wenzako."

"Nikikaa na hawa tutazama upande mmoja," Bi Mwamvita alisema, akaketi palepale, na boti ikaonyesha kwamba alikuwa na hoja.

Walikwenda taratibu. Jua lilikuwa kali lakini maji yalitoa ubaridi, na kasri, likitazamwa kutoka ziwani, lilionekana zima kana kwamba watu wangetoka barazani wakati wowote. Shamimu alijipiga picha. Suhaib alikuwa akimwimbia mkewe bila haya. Kwa muda Naima alisahau, akaweka mkono majini kama mtoto.

Halafu, mbele kidogo, maji yalitoa pumzi nzito. Masikio mawili yakajitokeza, na macho yakafuata.

"Kiboko," Gregori alisema. "Yule hana shida, mwenyeji. Tulieni tu."

Bi Mwamvita alitulia kwa kuling'ang'ania benchi, vidole vyake vikipita ukingoni na kushika chini. Alikaa hivyo mpaka kiboko alipozama. Kisha hakuachia. Vidole viliendelea kwenda, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta pini iliyodondoka.

"Naima."

"Naam, mama."

"Benchi hili lina maua chini."

Mota ilikuwa bado inanguruma. Naima alivuka, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akaingiza mkono chini ya ule ubao wa ukingoni. Ulikuwa mti mmoja mrefu uliolazwa pamoja na mbao nyingine mbili na kukazwa kwa bolti zisizo na kutu. Upande wa juu ulikuwa laini. Upande wa chini, ncha za vidole vyake zilikuta ua, kisha pete ya mnyororo, kisha ua. Alitambaa mpaka mwisho wake. Kichwa chake kilikuwa kimevunjika, na nyuzinyuzi zimechomoza.

Alirudi, akaketi karibu na mota.

"Zima."

Gregori alizima.

"Mie ni Inspekta Naima. Niambie Ijumaa ile."

Gregori aliachia mpini wa mota. Alitazama ufukweni, akatazama pale kiboko alipozama, na labda aliona kwamba hakuna pa kwenda.

"Walikuja na gari la mapambo," alisema. "Biharusi alikuwa analia, kule walikopanga kumenyeshewa. Wakaniomba dakika chache tu. Funguo nilikuwa nazo."

"Nani alikupa?"

"Mzee Nassibu. Alitaka kuwahi wageni wake. Nikamwambia nenda, mie nipo."

"Ikawaje?"

"Mpiga picha akataka mlango uwe wazi wote. Upepo wa ziwa ukaja, ubao ukabamiza ukuta. Mfaa ukaanguka miguuni mwa biharusi. Wakaondoka. Nikabaki nao mikononi, sijui nifanye nini. Nikasema niuweke mahali pasipoonekana, nikatafute fundi Dar aurudishie kichwa, nitaurudisha kabla hawajajua. Asubuhi wakajua."

"Na walipomsimamisha mwenzako?"

"Nilisema kesho nitasema. Kila kesho ikawa ngumu kuliko ya nyuma yake."

"Mzee Nassibu ameulizwa na kamati, ameulizwa na wazee wa msikiti, mpaka mkewe amemuuliza funguo alimwachia nani. Unajua kwa nini hajajibu?"

Gregori alijifuta uso kwa kola ya lile shati lake zuri.

"Kwa ajili yangu."

"Anadhani ulifunga vizuri ukaondoka. Anadhani anakulinda mtu usiye na kosa."

Bi Mwamvita ndiye aliyelegeza mambo. Aliinuka kwenye benchi, akakung'uta gauni lake, akahamia upande wa pili.

"Mie siwezi kukalia mlango wa watu," alisema. "Washa, baba. Turudi."

Bolti zilifunguliwa kwa spana ya Noah. Suhaib na Gregori waliubeba mfaa begani, wakaufunga juu ya gari kwa khanga za Shamimu, na Naima akampigia simu mwenyekiti wa kamati aje nyumbani kwa Mzee Nassibu. Adhabu ya Gregori ingekuwa juu ya kamati. Lakini maneno yalikuwa ya Gregori, na Naima alitaka yasemwe mahali ambapo madhara yalifanyika.

Nyumba ya Mzee Nassibu ilikuwa imejaa wanawake. Walikuwa wameketi mikekani wakichagua mchele wa harusi, ila walikuwa wakichagua kimya kimya, kama watu wasio na uhakika kwamba mchele ule utapikwa. Mzee mwenyewe alikuwa kibarazani, mwembamba, amevaa kofia ya vito ya kushonwa kwa mkono, mikono imelala mapajani. Aliona gari. Aliona kilicho juu yake. Hakusimama.

Gregori alitembea mpaka mbele yake, akasema yote akiwa amesimama, na hakupunguza. Alisema kuhusu picha, upepo, boti. Alipofika kwenye neno funguo alijikwaa, akaanza tena sentensi hiyo mwanzo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amefika na kusimama penye ua, na alisikia nusu ya pili, ambayo ilimtosha.

"Mzee," mwenyekiti alisema, "tumekukosea. Nitayasema haya mbele ya kijiji, leo hii baada ya alasiri."

Mzee Nassibu aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa kwa Gregori.

"Nimekukasirikia sana," alisema taratibu. "Lakini wiki hii nina harusi, sina nafasi. Tutaongea baada ya Ijumaa. Keti."

Gregori aliketi chini, mchangani. Mzee alitoa simu ndogo mfukoni, akatafuta namba, akabonyeza sauti ya nje, akampa.

"Huyu ni baba wa bwana harusi. Mwambie."

Gregori alisema tena. Safari hii alisema kwa maneno machache. Wanawake wote walikuwa wameacha mikono yao ndani ya mchele. Naima alijikuta ameushika mkono wa mumewe.

"Mzee Nassibu yupo hapo?" sauti ilisema hatimaye.

"Nipo, ndugu yangu."

"Sie tulikuwa tumepunguza watu. Wengine walisema hawaji." Sauti ilikohoa. "Sasa tunakuja wote. Waambie wapishi waongeze sufuria."

Biharusi akiwekwa ndani hatakiwi kusikika nje. Lakini kigelegele cha kwanza kilitoka chumbani kwa Zubeda, nyuma ya pazia, kirefu na chembamba, na kabla hakijaisha wanawake wote wa mikekani walikuwa wamekidaka, Bi Mwamvita akiwa katikati yao, tayari ana ungo mkononi.